Mate Kichupani: DNA Inavyoweza Kumtafutia Mtu Ndugu Zake

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Jinja ulikuwa mji wa viwanda na maduka yao, na katika haraka ile wapo wanaume walioacha nyuma watoto waliowazaa na wanawake wa Kisoga, wenyeji wa eneo hilo. Watoto hao sasa wamevuka miaka 50. Anayemtafuta baba aliyehamia Leicester, Uingereza, na hana cheti wala picha, ana njia ambayo mama yake hakuwa nayo: kipimo cha DNA.

Nusu ya vinasaba vyetu hutoka kwa baba, nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana takriban asilimia 50. Wa baba mmoja tu, 25. Binamu wa kwanza, 12.5. Maabara husoma mamia ya maelfu ya sehemu za vinasaba katika mate na kuzilinganisha na za wateja wengine. Binamu wa Leicester akiwa amepima kwa kampuni hiyohiyo, atajitokeza. Asipopima, hapatikani. Ndiyo maana upande wa baba unaweza kujaa majina huku wa mama, kule Kamuli, Busoga, ukirudi mtupu: waliopima huku kwetu ni wachache mno.

Asilimia za asili ambazo kampuni hukupa zinahitaji tahadhari zaidi. Kutenganisha asili ya India na ya Afrika ni rahisi. Kumtenga Msoga na Mganda au Mgisu ni kazi nyingine, maana majirani hawa wameoana kwa karne nyingi. Utafiti mkubwa wa jenomu za watu wa Uganda uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia watu wapatao 6,400 wa Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa nchi. Si Busoga, si Bugisu. Kampuni ikikutajia kabila lako, usiapie.

Kwa Wagisu wa Mbale, mtoto ni wa ukoo wa baba, na kromosomu Y hupita njia hiyohiyo, kutoka baba hadi mwana, karibu bila kubadilika. Sasa chukua desturi ya kurithi mjane. Mume amefariki, ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja amezaa na mjane mtoto wa kiume. Y ya mtoto ni sawa na ya marehemu. Vinasaba vyote vikipimwa, mtoto huyo na watoto ambao marehemu alizaa na mjane huyo watashirikiana takriban asilimia 37.5, si 50. Asiyejua desturi atapiga kelele za udanganyifu, ilhali mzee wa ukoo angelieleza jambo hilo kwa sentensi mbili.

Na si kila urithi ni wa damu. Abayudaya wa Nabugoye, karibu na Mbale, wanashika dini ya Kiyahudi tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoifuata mwaka 1919, na hawadai nasaba ya Israeli. Kipimo hakiwapunguzii chochote.

Mwisho, kuna suala la usiri: Machi 2025 kampuni ya kupima DNA ya 23andMe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na taarifa za vinasaba za mamilioni ya wateja zikawa sehemu ya mali iliyouzwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatema mate, andika kwanza majina ambayo wazee bado wanayakumbuka, waulize ndugu zako kama wako tayari kwa jibu lolote, na usome kampuni itazifanyia nini taarifa zako. Vinasaba vyako ni vyao pia.