Mahame ya Reli Mjini Berlin

Neno «mahame» hutaja mahali palipohamwa na watu. Halisemi kwamba hapana uhai. Kituo cha kupangia mabehewa cha Tempelhof, mjini Berlin, kiliacha kutumika mwaka 1952, mji ukiwa umegawanyika. Miti ya betula ikaota kati ya reli. Ndege na nyuki wa mwituni wakahamia. Baadaye palipopangwa kujengwa kituo kipya cha mizigo, wakazi walipinga, na mwaka 2000 hekta 18 hivi zikafunguliwa kuwa bustani ya asili. Watu hupita juu ya daraja la chuma, wasikanyage mimea. Lakini nyasi hukatwa kwa makusudi, nasi twaona ni haki: msitu ukiachwa utafunika uwanda wote, na nyuki wachimbao mchangani watakosa jua.