Jeni ya Macho kwa Mnyoo Asiye na Macho

Caenorhabditis elegans ni mnyoo wa urefu wa milimita 1 hivi, aishiye kwenye matunda na majani yanayooza. Wengi wao ni huntha. Madume ni wachache, na hutambulika kwa mkia uliotanuka kama pepeo. Mkiani humo mna vijiti vya hisia 18, yaani 9 kila upande, ambavyo dume hupapasia mwenziwe wakati wa kujamiiana.

Kila kijiti kina seli 2 za neva na seli 1 ya kuzishikilia, lakini vijiti havifanani. Cha 1, cha 5 na cha 7 hufungukia upande wa mgongo. Cha 2, cha 4 na cha 8 hufungukia tumboni. Cha 6 ni kinene, na ncha yake haina tundu. Kemikali ya neva iitwayo dopamini hutengenezwa katika cha 5, cha 7 na cha 9 tu.

Je, kijiti hujuaje kuwa ni cha ngapi? Kwanza lazima kiwepo. Jeni iitwayo mab-5 ikiharibika, vijiti vya 1 hadi 6 havitokei kabisa. Ikiharibika mab-18, mambo ni tofauti: kijiti cha 6 huota, ila huwa chembamba, hushika sura ya cha 4, kisha huungana nacho. Kiungo kipo, kilichopotea ni utambulisho wake.

Mwaka 1995 Yinhua Zhang na Scott Emmons walionyesha kuwa mab-18 ni ya ukoo wa Pax-6, ile “jeni ya macho”. Hapo ndipo penye ajabu. Binadamu aliyerithi nakala moja mbovu ya Pax-6 huweza kuzaliwa bila ile sehemu ya jicho yenye rangi. Mwaka huohuo, maabara ya Walter Gehring nchini Uswisi iliiwasha Pax-6 ya panya katika miguu ya nzi, na macho ya nzi yakaota hapo. Mnyoo wetu hana macho hata kidogo, lakini jeni anayo na anaitumia.

Pax-6, basi, haibebi mchoro wa jicho. Protini yake hushika DNA na kuwasha au kuzima jeni nyingine, na matokeo hutegemea seli iliyomo. Ukisikia imegunduliwa “jeni ya” kitu fulani, uliza kwanza: katika seli ipi, na wakati gani?