Sehemu ya Kwanza Haitoshi

Ijumaa ya tarehe 29 Septemba 2023, saa tatu usiku kwa saa za Tokyo, kituo cha Nippon Television kilifanya jambo ambalo hakikuwahi kulifanya. Nafasi yake ya filamu ya kila Ijumaa, ambayo Wajapani wengi huihusisha na sinema za Studio Ghibli, ilipewa mfululizo wa anime uliokuwa ndiyo kwanza unaanza. Tena haikurushwa sehemu moja. Zilirushwa nne kwa mkupuo, karibu saa mbili nzima, za Sousou no Frieren, hadithi ya mchawi wa kike ambaye ameishi zaidi ya miaka 1000.

Kwa aliyeuzoea utaratibu wa televisheni ya Japani, ujumbe ulikuwa wazi. Kituo kiliiamini kazi hiyo, lakini hakikuwa tayari kuiacha sehemu yake ya kwanza isimame peke yake.

Mwaka wa anime una misimu minne, inayoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Msimu mmoja una wiki 12 au 13, na mfululizo wa kawaida huwa na sehemu zipatazo idadi hiyo, moja kwa wiki, kila moja ya dakika kama 24. Ukitoa wimbo wa ufunguzi wa sekunde 90 na wa kufungia wa urefu uo huo, hadithi inabakiwa na dakika 21 hivi. Makumi ya mifululizo huanza ndani ya majuma machache yaleyale, na hakuna shabiki mwenye kazi na familia anayeweza kuifuata yote. Ndiyo maana mwanzoni mwa kila msimu kuna kipindi cha kuonja: mtu anatazama sehemu ya kwanza ya huu, dakika kumi za ule, halafu anachagua mitano au sita ya kwenda nayo hadi mwisho. Mingine inasahauliwa kabla mwezi haujaisha.

Wanaoitengeneza wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Anime nyingi za siku hizi hulipiwa na kamati ya uzalishaji, ambamo wamo mchapishaji wa manga au riwaya, kampuni ya muziki, kituo cha televisheni, wauza vinyago na wengineo, kila mmoja akiwa ametia fedha yake na anasubiri faida yake. Studio inayochora mara nyingi hulipwa ujira tu, bila hisa. Vipindi vingi hurushwa usiku wa manane, katika muda ambao kamati yenyewe huwa imeulipia kituo. Hapo ratiba za Kijapani huandika saa kama 25:30, kwa kuwa siku ya televisheni haijaisha hata kama kalenda imegeuka. Nairobi na Dar es Salaam ziko nyuma ya Tokyo kwa saa sita, kwa hiyo kipindi hicho cha usiku mkubwa kinaangukia saa moja na nusu usiku huku kwetu, wakati watu wanasubiri chakula. Pengine sisi ndio tunaotazama kwa starehe zaidi kuliko wenyewe.

Sehemu ya kwanza, basi, ina wateja wengi. Mchapishaji anataka vitabu vitoke dukani, kampuni ya muziki inataka wimbo ushike masikioni, na mtazamaji anataka sababu ya kurudi wiki ijayo. Yote hayo yaingie katika dakika 21.

Ubanaji huu una historia ndefu. Tarehe 1 Januari 1963, Fuji TV ilianza kurusha Tetsuwan Atom, kisa cha mtoto wa chuma kilichotungwa na Osamu Tezuka, nusu saa kila wiki. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, na kuchora zote kwa kazi ya kila wiki lilikuwa jambo lisilowezekana. Studio ya Tezuka iliuacha mchoro mmoja ukae kwa picha tatu, ikahifadhi michoro ya zamani ili itumike tena, ikaacha mdomo peke yake uchezecheze huku uso umetulia. Aliuza kazi hiyo kwa bei isiyofikia gharama. Wanahistoria wengi wa anime wanautaja uamuzi huo kuwa chanzo cha bajeti finyu zilizofuata, ingawa bila huo pengine pasingekuwa na anime ya kila wiki kabisa.

Turudi kwa Frieren. Hadithi hii, iliyotungwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe, inaanzia pale ambapo hadithi nyingine za mashujaa huishia. Mfalme wa mashetani ameshauawa. Mashujaa wanne wanarudi mjini baada ya safari ya miaka kumi: Himmel, kijana mwenye majivuno ya kupendeza, Heiter, kasisi anayependa pombe, Eisen, kibete mwenye shoka, na Frieren, wa jamii ya elfi, wale viumbe wa ngano za Ulaya wenye masikio marefu na umri usiokwisha. Usiku huo wanatazama vimondo vinavyopita kila baada ya miaka 50, na Frieren anaahidi kuwaonyesha mahali pazuri zaidi pa kuvitazama vitakapopita tena. Anaondoka kana kwamba ameaga kwenda sokoni. Anaporudi, Himmel ni mzee mwenye kipara na ndevu nyeupe. Wanavitazama vimondo, Himmel anafariki, na penye kaburi Frieren analia kwa kugundua kwamba alikaa na mtu huyo miaka kumi na hakujishughulisha kumjua.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza. Ni nzuri ajabu, lakini mtu aliyekuja kutafuta upanga na moto angeweza kuizima akidhani hadithi imekwisha.

Mwongozaji, Keiichirō Saitō, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameongoza Bocchi the Rock!, hakujaribu kuupachika mwanzo huo vita usivyokuwa navyo. Studio ya Madhouse ikachora miaka 50 ikipita bila kelele, na muziki wa Evan Call, Mmarekani anayefanya kazi Japani, ukaachiwa nafasi ya kupumua. Pambano la maana linakuja katika sehemu ya tatu. Shetani aitwaye Qual, aliyefungiwa miaka 80, anafunguliwa na kurusha uchawi wake wa kuua, uchawi ambao zamani hakuna aliyeweza kuuzuia. Fern, msichana anayefundishwa na Frieren, anauzuia. Katika miaka hiyo 80 wanadamu wameuchunguza uchawi wa Qual, wameuelewa, na umekuwa somo la kawaida kwa kila mchawi. Shetani amepitwa na wakati kama chombo cha zamani, na hajui. Pambano halichukui muda mrefu, lakini linaeleza kuhusu wakati kile ambacho maneno ya kurasa kumi yasingeeleza. Kisha mwishoni mwa sehemu ya nne Frieren anapata pa kwenda: kaskazini ya mbali, mahali ambapo inasemekana roho za wafu hupumzika, ili azungumze na Himmel tena.

Kwa maneno mengine, safari ambayo ndiyo mfululizo wenyewe inapata shabaha yake katika sehemu ya nne. Mtazamaji wa kawaida angeifikia baada ya karibu mwezi. Kituo kikaamua afike usiku uleule, kisha kikauhamishia mfululizo kwenye nafasi mpya ya anime ya Ijumaa saa tano usiku. Huo ulikuwa ni uhariri mzuri kuliko matangazo yoyote.

Wiki tatu baadaye mbinu hiyo ilirudiwa. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 22 Oktoba, Kusuriya no Hitorigoto ilianza kwa sehemu tatu mfululizo. Imetoka katika riwaya za Natsu Hyūga, na mazingira yake ni ya kubuni, yakifanana na China ya wafalme wa kale. Maomao, binti anayejua dawa na kupenda sumu kupita kiasi, ametekwa na kuuzwa ikulu kama mtumishi. Anaficha kwamba anajua kusoma, maana mtumishi asiyejua kusoma hasumbuliwi. Watoto wachanga wa mfalme wanadhoofika na kufa. Watu wanasema ni laana, naye anatambua kwamba ni poda nyeupe ya uso wanayojipaka mama zao, yenye sumu. Anaacha onyo la maandishi kwa siri. Jinshi, msimamizi mwenye sura ya kuwapumbaza wanawake, anamsaka mwandishi kwa hila ndogo sana: anawakusanya watumishi na kuinua kibao kilichoandikwa kwamba mwenye madoadoa usoni abaki. Wengine hawaelewi kitu. Maomao anasoma, anashtuka, na siri imetoka.

Tofauti na Frieren, huu ungeweza kuanza kwa sehemu moja bila hasara. Una fumbo, suluhisho na mhusika wa kupendeza ndani ya dakika 20. Sehemu mbili za ziada zilikuwa za kuonyesha kwamba kila safari kutakuwa na kisa kipya na kwamba ikulu ni kubwa. Hapo mkupuo ulikuwa karibu na biashara kuliko sanaa, japo hakuna aliyelalamika.

Mifululizo yote miwili ilikuwa inafuata njia iliyokwisha kufunguliwa Aprili mwaka huohuo. Oshi no Ko, kisa cha nyota wa muziki mwenye siri na watoto wake mapacha, ilianza kwa sehemu moja ya takriban saa moja na nusu, ambayo ilionyeshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya kufika kwenye televisheni. Sababu ilikuwa tukio la mwishoni mwa utangulizi huo, linalobadilisha kabisa aina ya hadithi. Likiondolewa, mtu angedhani anatazama kichekesho cha wanamuziki. Wimbo wa ufunguzi, wa kundi la YOASOBI, ulivuma duniani, na kundi hilohilo ndilo lililoimba wimbo wa kwanza wa Frieren miezi michache baadaye. Kamati haziachi kilicholipa.

Waswahili husema nyota njema huonekana asubuhi. Kwa anime, asubuhi hudanganya sana, na sababu ni ya kiutendaji. Sehemu ya kwanza hutengenezwa wakati bado kuna muda. Mara nyingi mwongozaji mkuu huipangia picha kwa mkono wake mwenyewe na huchaguliwa wachoraji hodari. Kufika sehemu ya saba, ratiba imeshaanza kuwakimbiza, na kazi inagawanywa kwa yeyote aliye na nafasi.

Mfano mkali zaidi ulitokea Julai 2023. Zom 100 inamhusu Akira, kijana aliyeajiriwa katika kampuni inayowanyonya wafanyakazi hadi wanasahau usingizi. Katika sehemu ya kwanza maisha yake yamepakwa rangi ya kijivu. Asubuhi moja anakuta mji umejaa maiti zinazotembea na kula watu, na jambo la kwanza linalomjia ni furaha: leo haendi kazini. Rangi zinalipuka kwenye kioo, hata damu inaruka kwa rangi za sherehe. Ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza bora za mwaka. Lakini studio ya BUG FILMS ilikuwa changa, wiki kadhaa zikapita bila sehemu mpya, na tatu za mwisho hazikuonekana hadi Desemba. Hadithi dhidi ya kazi ya kupita kiasi ilishindwa na ratiba yake yenyewe. Katika miezi hiyohiyo baadhi ya wachoraji wa msimu wa pili wa Jujutsu Kaisen, ambao kwa mtazamaji ulionekana kama fahari tupu, walilalamika hadharani kuhusu muda waliopewa.

Mwaka uliofuata, Uzumaki ya kituo cha Marekani cha Adult Swim ilishangiliwa kwa sehemu ya kwanza yenye picha za rangi nyeusi na nyeupe zilizotembea kama ndoto mbaya. Sehemu ya pili ikaporomoka kiasi kwamba hata asiyejua uchoraji aliona. Mfululizo mzima ulikuwa na sehemu nne tu.

Mashabiki wana kinga yao ya zamani, wanayoiita kanuni ya sehemu tatu: usihukumu kabla ya ya tatu. Mara nyingi huhusishwa na Puella Magi Madoka Magica ya Januari 2011, iliyojitokeza kama kisa cha wasichana wachawi wenye nguo za kuvutia, kisha katika sehemu ya tatu mmoja wa wapendwa akafa kikatili, na kila kitu kikabadilika. Kanuni hiyo ni ya haki, lakini ina gharama. Sehemu tatu za mifululizo ishirini ni zaidi ya saa ishirini za kutazama, na hiyo ni kazi ya ofisini.

Netflix nayo ilikwepa suala zima. Tarehe 26 Oktoba 2023 iliziachia sehemu zote nane za Pluto kwa siku moja, kila moja ya urefu wa saa moja hivi. Ni kazi ya Naoki Urasawa iliyokisuka upya kisa kimoja cha Tetsuwan Atom. Mwanzo wake hauna papara: roboti aliyepigana vitani anakwenda kuwa mtumishi wa mtunzi wa muziki kipofu anayemchukia, na anaomba afundishwe piano. Kwa ratiba ya kila wiki, wanakamati wangeng'ang'ania mlipuko mapema.

Januari 2024 ilipofika, Frieren na Maomao walikuwa bado njiani, mifululizo yao ikivuka kwenda nusu ya pili, na wapya wakaanza kugombea wiki zilezile. Solo Leveling ilimfungua shujaa wake akiwa mwindaji dhaifu kuliko wote, nguvu zake zikingojea sehemu za baadaye. Dungeon Meshi ilianza na wapiganaji wenye njaa ambao dada wa mmoja wao amemezwa na joka. Hawana fedha ya chakula cha safari, wakaamua kuwala mazimwi wanaokutana nao njiani, wakianza na nge mkubwa na uyoga unaotembea, waliopikwa katika sufuria moja.