Kukagua Kisu Kipya cha Mhunzi

Mkazi wa Nkuhungu anunuapo kisu kilichofuliwa na mhunzi, aghalabu huyatazama makali kwanza. Sisi twamshauri aanze na mpini. Makali hunoleka upya. Mpini uliolegea hukigeuza kisu mkononi kikamkata mwenyewe.

Ashike bapa kwa kitambaa na kuutikisa mpini: usicheze wala kulia. Apitishe ukucha pale chuma kinapoingia kwenye mti. Ukizama, pana mwanya wa maji na kutu. Kiangazi cha Dodoma ni kikavu mno, na mti uliochongwa ungali mbichi husinyaa, hata kisu kilichobana Machi kikacheza Agosti. Ajihadhari hasa na gundi iliyojazwa mwanyani. Huko ni kuficha kasoro, si kumalizia kazi.

Alama za nyundo mgongoni si kosa. Ufa ni kosa, ujapokuwa mwembamba kama unywele, kwani chuma cha springi za gari kikipozwa majini kwa pupa hupasuka.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza muuzaji kumpotosha mnunuzi juu ya ubora wa bidhaa. Kwa hiyo mnunuzi adai risiti, na aina ya chuma iandikwe humo.