Kabla Mtoto Hajavuka Mpaka

Wageni wanaotaka kuasili mtoto wakifika Sumbawanga, swali lao la kwanza huwa la safari: tutaondoka naye lini? Wengine wameshapanga likizo, wameshapaka rangi chumba cha mtoto huko Ulaya au Marekani, na bibi na babu wa huko wameshatumiwa picha. Nawaelewa. Mtu akishampenda mtoto, kila siku ya kusubiri humuuma. Lakini kisheria swali hilo ni la mwisho kabisa, na mengi yanayolitangulia yanatuhusu sisi wa Ufipa, huku Rukwa, kuliko yanavyowahusu wao.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtu asiye raia kumwasili mtoto wa Kitanzania, ila kwa masharti mazito. Awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Awe amemlea mtoto huyo kwa angalau miezi mitatu chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Asiwe na rekodi ya uhalifu, kwao wala kwingine. Alete maoni ya ustawi wa jamii na ya mamlaka za nchi yake kwamba anafaa kuwa mzazi. Airidhishe Mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri itakayotolewa hapa. Juu ya hayo yapo masharti ya umri yanayomhusu mwombaji yeyote asiye ndugu wa mtoto: awe ametimiza miaka 25, na awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi.

Kwa hiyo hakuna mgeni anayeweza kushuka Dar es Salaam, akapanda basi hadi kwetu, akachagua mtoto na kurudi naye mwezi unaofuata. Akikutana na mtu anayemwambia inawezekana, mtu huyo anamwingiza katika jinai. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na fedha inayopita chini ya meza ili mtoto apatikane huharibu shauri zima hata kama nia ya mzazi mpya ni njema.

Sharti ambalo sijalitaja bado ndilo ninalotaka tukae nalo: iwe imeshindikana kumpata mzazi au mlezi wa kumfaa mtoto huyo hapahapa nchini. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema hivyo, na Mkataba wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto unakwenda mbali zaidi kwa kuuita uasili wa nje ya nchi njia ya mwisho. Maana yake ni kwamba kabla ya kumchunguza mgeni, serikali inapaswa kutuuliza sisi.

Njia moja inayojulikana sana ya kichanga kuingia makao ya watoto ni kifo cha mama wakati wa kujifungua. Baba yuko kijijini, shamba linamngoja, maziwa hana na mtu wa kukesha na mtoto hana. Ndugu humpeleka mtoto kwa masista au kwenye makao mengine wakiwa na nia ya kumfuata akishaanza kula ugali. Kisha mwaka unapita, wa pili unapita, baba anaoa tena au anahamia bondeni, na jina la kijiji kwenye daftari la makao linabaki peke yake. Mtoto huyo ana kwao. Ana shangazi Laela, ana babu Matai, pengine ana dada mkubwa aliyeolewa Namanyere ambaye hajawahi kuulizwa kama angependa kumchukua. Afisa ustawi wa jamii anayefanya kazi yake vizuri huanzia hapo: kwa mtendaji wa kijiji, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa katekista, kwa mama aliyewahi kuwa jirani wa marehemu.

Kazi hiyo inachukua muda, na uwanda wetu haufanyi haraka. Masika yakikolea, barabara za udongo za kushuka Muze au kuelekea vijiji vya ziwani hugeuka tope. Kuna ofisi isiyo na gari, kuna pikipiki isiyo na mafuta. Hapa natofautisha kusubiri kwa aina mbili. Miezi inayotumika kumtafuta shangazi ni miezi ya mtoto, wala mgeni hapaswi kuilalamikia. Miezi inayopita kwa sababu jalada limelala mezani na hakuna nauli ya afisa ni dhuluma kwa mtoto anayekua bila mzazi, na hiyo tuilalamikie sote. Halmashauri inayotenga fedha ya posho za vikao inaweza kutenga mafuta ya pikipiki moja.

Ndugu akipatikana lakini hawezi kulea, huja suala la ridhaa, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Katika familia zetu mtoto huenda kukaa kwa mjomba mjini ili asome, akarudi likizo, akakua akijua kwao. Babu wa kijijini akiambiwa kuna Wazungu wema wanataka kumchukua mjukuu wake, yeye huelewa jambo hilohilo analolijua: watamsomesha, halafu atarudi. Uasili hauko hivyo. Amri ikishatolewa, haki na wajibu wa wazazi wa kuzaliwa vinakatika na kuhamia kwa wazazi wapya, moja kwa moja, pamoja na jina na urithi. Mwaka 2006, Madonna alipomchukua mtoto nchini Malawi, baba mzazi aliwaambia waandishi wa habari kuwa hakuelewa kwamba anamtoa mwanawe kwa daima, kisha baadaye akasema hapingi. Yeyote anayechukua saini au dole gumba la mzee wa Ufipa amweleze jambo hili kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kifipa inapobidi, mbele ya watu wake, kisha amwache alale nalo siku kadhaa kabla ya kurudi. Sheria inaruhusu Mahakama kuendelea bila ridhaa ya mzazi aliyemtelekeza au kumtesa mtoto, lakini umaskini na upole wa mzee si utelekezaji.

Sasa tuje kwenye ile miezi mitatu ya kulea. Wageni wengi huiona kama mtihani wao. Nawasihi waione kama matayarisho ya mtoto, kwa sababu yeye ndiye anayepoteza kila anachokijua.

Mwaka 1952, James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyefanya kazi na daktari John Bowlby jijini London, alitoa filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa hospitali siku nane bila mama yake kukaa naye. Kutokana na kazi yao tunajua namna mtoto mdogo anavyopita katika kutengana. Kwanza hupinga: hulia, hukataa kula, huangalia mlango. Kisha hukata tamaa na kunyamaza. Mwishoni hujitenga: anamchekea kila mtu na hamng'ang'anii yeyote. Hatua hizo mbili za mwisho ndizo tunazozisifia. Tunasema ametulia, mtoto mpole, hana shida na mtu. Mgeni anayebeba mtoto asiyelia hudhani amependwa papo hapo, kumbe huenda amembeba mtoto aliyekwisha kukata tamaa.

Basi miezi hiyo itumike pole pole. Wazazi wapya waje makaoni kwanza, waketi, wacheze, mlezi aliyezoeleka akiwepo. Baada ya hapo waanze kumwogesha na kumlisha wao, uji uleule wa ulezi, kwa kikombe kilekile. Mtoto alale kwao usiku mmoja, arudi. Alale siku mbili, arudi. Ndipo ahamie. Na tuache ile desturi yetu ya kumtoroka mtoto akiwa amelala ili asilie. Mlezi aliyemlea amuage akiwa macho, amwambie kwa maneno kwamba anakwenda kuishi na mama na baba, amwache alie. Mtoto anayelia mikononi mwa mtu anayemfahamu yuko salama kuliko anayeamka na kukuta sura ngeni. Mzazi mpya naye ajifunze maneno ya Kiswahili ambayo mtoto hutulizwa nayo, na wimbo ambao mlezi humbembelezea. Hayo ni matayarisho ya safari kuliko sanduku lolote.

Shauri lenyewe halisikilizwi Mahakama ya Mwanzo wala ya Wilaya. Ni la Mahakama Kuu, na bahati nzuri tunayo kanda yake hapahapa Sumbawanga, kwa hiyo hakuna haja ya kupeleka mashahidi wa kijijini hadi Mbeya. Mahakama hutaka ripoti ya ustawi wa jamii, humpa mtu jukumu la kusimamia maslahi ya mtoto ndani ya shauri, na humsikiliza mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na maoni. Wizara inayoshughulikia watoto iko Dodoma, balozi ziko Dar es Salaam. Nyaraka husafiri kabla ya mtoto.

Amri ikitoka, watu hupiga vigelegele na kukimbilia tiketi. Wasikimbilie. Tanzania haimo katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 unaoratibu uasili kati ya nchi na nchi, kwa hiyo nchi ya wazazi wapya hupima shauri upya kwa sheria zake, na amri ya Mahakama Kuu ya Sumbawanga haigeuki viza. Tuliona ng'ambo ya Ziwa Tanganyika jinsi pengo hilo linavyoumiza. Tarehe 25 Septemba 2013, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Mamia ya familia zilikuwa na hukumu halali mkononi, watoto wameshaitwa kwa majina mapya, na bado hawakuweza kupanda ndege. Mwezi Mei 2014 watoto 31 waliruhusiwa kwenda Italia wakisindikizwa na waziri wa nchi hiyo. Wengine wengi walisubiri hadi mwaka 2016. Kwingineko milango ilifungwa kwa njia nyingine: Kenya ilizuia uasili wa wageni Novemba 2014, Uganda ikarekebisha sheria yake ya watoto mwaka 2016, Ethiopia ikapiga marufuku Januari 2018. Serikali hizo zilikuwa na sababu, kwani palikuwa na watoto waliotolewa kama yatima huku wazazi wao wakiwa hai. Watoto waliokuwa katikati ya njia ndio waliolipa.

Nyaraka za hapa ni chache lakini kila moja ina foleni yake. RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, huingiza amri katika daftari la watoto walioasiliwa na kutoa cheti kipya. Uhamiaji hutoa pasipoti ya mtoto kwa jina lililo kwenye cheti hicho, basi herufi moja ikikosewa RITA, safari nzima husimama. Chanjo ziandikwe, pamoja na ya homa ya manjano. Mtoto akipewa uraia wa huko ajue, au wazazi wajue kwa niaba yake, kwamba sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Na Mfipa anayeishi ughaibuni akitaka kumchukua mtoto wa marehemu dada yake, asidhani damu inatosha: aulize kwanza nchi anayoishi inataka nini, na asimpeleke mtoto kwa viza ya matembezi akitumaini kurekebisha mbele ya safari.

Zaidi ya nyaraka hizo, mtoto anahitaji kumbukumbu ya kwao. Hapa mjini tuna Hospitali ya Dkt. Atiman. Wengi wanaotibiwa hapo hawajui kuwa jina hilo ni la mtoto aliyevushwa mipaka. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika Mali ya leo, akatekwa utotoni, akapitishwa Sahara kama mtumwa, akakombolewa Algeria na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Aliwatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956. Alichobaki nacho cha kwao ni kile ambacho kichwa chake cha utotoni kiliweza kushika, akakiandika mwenyewe uzeeni. Mtoto anayeondoka Sumbawanga akiwa na mwaka mmoja na nusu hatakuwa na hata hicho. Atakachojua ni kile tulichoandika sisi.

Na tunaandika kidogo mno. Jalada likisema tu kwamba mtoto aliokotwa Sumbawanga, mtu mzima atakayerudi hapa akiwa na miaka 25 ataanzia wapi? Siku mtoto anapopokelewa, mpokeaji aandike kijiji na kitongoji, nani alimwona wa kwanza na nani alimbeba, alivaa nini, alifungwa kanga yenye maneno gani, aliitwa kwa jina gani na nani alimpa. Kama mama amefariki, paandikwe alizikwa wapi. Zipigwe picha za makao, za mlezi, za nyumba ya babu kama ipo. Nakala moja iwekwe kwenye jalada la Mahakama, moja ibaki ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, na nyingine wakabidhiwe wazazi wapya siku ileile wanayokabidhiwa pasipoti.