Koni ya Msafisha Vioo na Mguu wa Mpita Njia

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, imezungukwa na mashamba ya mahindi, na kati ya Desemba na Februari vumbi jekundu la mashamba hayo huingia mjini pamoja na magari na kutua kwenye kila kioo. Mvua za Machi na Aprili zikianza, vumbi hugeuka tope, na magurudumu ya bodaboda hulirusha hadi madirishani. Bungoma iko chini zaidi, kama mita 1,400, lakini haina nafuu: malori ya kwenda na kutoka mpaka wa Malaba hupita Kanduyi, hapo hapo mjini, mchana na usiku, na udongo ni uleule. Zamani duka lilikuwa na milango ya mbao au mabati, na vumbi lake lilifagiliwa tu. Siku hizi benki, maduka ya dawa na maduka makubwa yana kuta nzima za kioo zinazotazama barabara, na kioo kichafu humfukuza mteja. Ndiyo maana kazi ya kuosha vioo imeongezeka, na wanaoifanya wengi ni vibarua wenye ndoo, ngazi, sabuni ya maji na skwiji, ule mpira wenye mpini wa kukwangulia maji.

Kazi hii hufanyika kibarazani, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Majengo ya zamani ya miji hii miwili yalijengwa na vibaraza vyenye nguzo mbele, na vibaraza hivyo ndiyo njia ya watu. Jua likiwaka watu hupita hapo, na mvua ya alasiri ikinyesha hujazana hapo. Kando ya nguzo amekaa mama anayeuza ndizi au soksi, mbele yake pikipiki zimepangwa, na baina ya barabara na kibaraza pengine kuna mtaro wa maji ya mvua. Msafisha vioo wa jengo refu la Nairobi anaweza kufunga utepe kuzunguka eneo lote la chini. Wa Kitale anafanya kazi ndani ya ujia wa upana wa hatua mbili au tatu, na ujia wenyewe si wake.

Tuanze na mguu, maana hatari yote inapimwa kwa mguu. Mtu mzima anapotembea kawaida, ncha ya kiatu chake hupita juu ya ardhi kwa sentimita moja hadi mbili tu. Hatuinui miguu kama tunavyodhani. Tunaiburura hewani karibu sana na sakafu, na macho yetu yako mbele, kwa watu na kwa magari. Mpira wa maji wa nusu inchi, ukihesabu na unene wa ganda lake, una kimo cha karibu sentimita moja na nusu au zaidi kidogo. Yaani mpira ule mwembamba uliolazwa kukatiza kibaraza una kimo kilekile cha kunasa kiatu. Ngazi iliyolazwa chini huonekana na kurukwa. Mpira, ukingo wa mkeka uliokunjika, mpini wa brashi, vitu vidogo ambavyo fundi huona aibu kuviita hatari, ndivyo vinavyoangusha watu.

Kuteleza ni jambo jingine, na dawa yake ni nyingine. Hapa adui ni utando mwembamba wa maji baina ya soli na sakafu. Maji yenye sabuni ni mabaya kuliko maji matupu, na vigae vinavyong'aa au teraso iliyosuguliwa ni vibaya kuliko saruji yenye chenga. Magharibi mwa Kenya tuna nyongeza yetu: udongo mwekundu ukichanganyika na matone ya sabuni hufanya ute unaobaki sakafuni hata baada ya maji mengi kukauka. Mtu akitazama kwa mbali huona sakafu imeanza kukauka na huikanyaga bila wasiwasi, wakati utelezi bado upo.

Wapo wanaodhani kuanguka kibarazani ni jambo la kucheka na kujipangusa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wazee ndio wanaoumia zaidi. Nyanya aliyekuja mjini kuchukua pesa za mtoto wake, akivunjika nyonga kwenye mlango wa benki, huenda asirudi tena shambani kwake kwa miguu yake. Kwa hiyo nasema kuhusu koni na mpira wa maji kwa uzito uleule ambao mtu angezungumzia breki za matatu.

Sasa koni. Ilibuniwa Los Angeles na Charles Scanlon, mfanyakazi wa idara ya kupaka rangi barabara za jiji, aliyepewa hataza mwaka 1943. Vizuizi vya mbao vilivyotumika kabla ya hapo vilivunjwa na magari na kuacha rangi mbichi ikikanyagwa. Alitaka kitu kinachoonekana, kinachogongwa bila kudhuru, na kinachosimama tena. Tazama alichokikusudia: kumpa dereva habari mapema, akabadilisha njia. Koni haimzuii mtu. Ni habari, na habari huwa na maana ikifika kwa wakati na ikieleweka.

Kufika kwa wakati ni suala la mahali. Mtu anayetembea kwa haraka ya kawaida hupita zaidi ya mita moja kwa sekunde. Koni ikisimama pembeni mwa maji, anaiona akiwa tayari amekanyaga. Isimame mita mbili au tatu kabla ya maji, na ziwe mbili, moja kila upande, kwa sababu kibarazani watu hutoka pande zote mbili. Ya tatu inahitajika mlangoni, na hii husahaulika karibu kila mahali. Anayetoka dukani amebeba mzigo, macho yake yanahama kutoka kwenye giza la ndani kwenda kwenye mwanga wa nje, na zile koni mbili za kibarazani hazioni kabisa. Kama mlango unafunguka kwa nje, koni ikae mahali ambapo mlango hautaigonga na kuiangusha.

Kueleweka kuna mambo yake. Vile vibao vya njano vinavyokunjwa, vinavyotumika pamoja na koni au badala yake, mara nyingi vimeandikwa Kiingereza pekee. Soko la Bungoma lina wazee wanaozungumza Kibukusu, Kiteso, Kisabaoti na Kiswahili, na wengi wao maandishi hayo hayawaambii kitu. Picha huwasaidia zaidi: pembetatu ya njano yenye mtu anayeteleza, au yenye mtu anayejikwaa, ni alama za kimataifa na ni mbili tofauti. Kibao cha utelezi hakimwambii mtu kwamba kuna mpira umekatiza njia. Mimi ningeongeza maneno mawili ya Kiswahili kwa rangi nyeusi, SAKAFU TELEZI, na kwa upande wa pili ANGALIA MPIRA. Rangi ya kopo dogo inatosha.

Lakini swali kubwa zaidi la koni ni lile ambalo mpita njia hujiuliza akiiona: basi nipite wapi? Koni husema usipite hapa, halafu inanyamaza. Ukiziba kibaraza chote, umemtoa yule mama na mtoto wake mgongoni kwenye hatari ya kuteleza na kumpeleka barabarani, katikati ya bodaboda, au juu ya bamba la mtaro lililovunjika. Kuhamisha hatari hivyo si usalama. Kabla ya kuweka koni hata moja, msafishaji asimame atazame watu wanapita wapi, kisha aamue atawaachia njia ipi. Akiweza kuosha nusu ya ukuta wa kioo huku nusu nyingine ya kibaraza ikibaki wazi na kavu, afanye hivyo, hata kama kazi itachukua muda zaidi. Asipoweza, aanze mapema, kabla maduka hayajafunguliwa. Hiyo nayo humwepusha na mvua ya alasiri, ambayo katika nyanda hizi huleta watu wote chini ya paa kwa dakika tano.

Ngazi inabana nafasi kuliko watu wanavyokadiria. Kanuni ya ngazi ya kuegemeza ni moja kwa nne: ikigusa ukuta mita 4 juu, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Ongeza nafasi ya mtu kupita nyuma yake bila kuigusa, na kibaraza chembamba kimekwisha. Wengine huisimamisha wima zaidi ili kuwapisha watu, na hapo huhatarisha shingo yao wenyewe, maana ngazi iliyosimama sana hurudi nyuma. Ngazi ikikaa njiani, awepo mtu wa pili chini yake, na kazi ya mtu huyu ni zaidi ya kushika. Ni kusema. "Mama, kuna maji hapo, pitia huku." "Mzee, subiri kidogo nisogeze ndoo." Katika miji yetu sauti ya heshima hufanya kazi ambayo hakuna kibao kitaifanya, na kwa asiyeona ndiyo ishara inayomfikia kabla fimbo yake haijagusa koni.

Hata hivyo, bora zaidi ni kupunguza kinachohitaji onyo. Kwa madirisha ya chini, ndoo mbili hushinda mpira wa maji, kwa sababu ndoo haina mkia. Ikae ukutani, ubavuni mwa mfanyakazi, asiiweke nyuma yake; kila msafisha vioo hurudi hatua moja kutazama kama kioo kimetakata, na wengi hukutana na ndoo yao kwa kisigino. Mpira ukiwa hauepukiki, upite kando ya ukuta, na penye mlango upandishwe juu ya kizingiti. Chini ya kioo kilazwe kitu cha kunywa matone. Gunia la katani linafaa, hunyonya na hung'ang'ania sakafu. Gunia la nailoni la mahindi, ambalo ndilo lililo karibu na mkono, halinyonyi, na juu ya vigae vyenye maji huteleza lenyewe na aliyelikanyaga.

Sheria ya Kenya inaona mambo karibu hivihivi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sakafu, ngazi na njia za mahali pa kazi ziwekwe bila vizuizi na bila vitu vya kutelezesha. Ile ya wajibu wa wenye majengo kwa wageni wao, Sura ya 34, inasema jambo ambalo mameneja wengi hawalijui: onyo peke yake halimwondolei mwenye jengo lawama, isipokuwa kama lilitosha kumwezesha mgeni kuwa salama. Na inamtaka atarajie kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Koni iliyowekwa ili picha ipigwe kisha maji yakaachwa yatiririke haimwokoi mtu mahakamani.

Naye kibarua ana haki yake. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo wa 2007, inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake. Kwa vitendo, kazi ya vioo hutolewa kwa bei ya chini, anayeipata humwita kijana wa siku, na kijana huja na ndoo yake bila koni, bila msaidizi, bila hata kuonyeshwa bomba liko wapi. Meneja anayekubali bei hiyo amekwisha kuamua kwamba hakutakuwa na mtu wa pili chini ya ngazi. Ningependa mkataba wa kazi hii, hata ule wa mdomo, utaje watu wawili, koni tatu na saa ya kuanza, na bei ihesabiwe kutoka hapo.

Kuondoka nako kuna utaratibu wake. Ngazi hushuka kwanza, kisha mpira na ndoo, kisha sakafu hupanguswa kwa maji safi ili sabuni itoke, halafu hukaushwa. Koni ndizo za mwisho, na zisiondoke mpaka mtu ameburuza soli yake sakafuni na kusikia inakwama. Zikishaondoka zisirudi hadi kuna kazi. Koni inayokaa mlangoni kutwa, hata sakafu ikiwa kavu, huwafundisha wateja kuipita bila kuitazama, na siku maji yakiwepo kweli wataipita vivyo hivyo.