Je, Wajua? Barakoa Kwenye Mizani ya Sayansi

Aprili 2020, kwa sababu ya korona, Serikali ya Kenya iliamuru kila mtu avae barakoa hadharani. Aliyekaidi angeweza kutozwa faini ya hadi shilingi 20,000 au kufungwa miezi 6. Kuanzia soko la Muthetheni hadi Machakos mjini, watu waliuliza: hiki kitambaa kinazuia ugonjwa kweli?

JE, WAJUA KWAMBA…

• Baadhi ya barakoa za wakati huo zilishonwa papa hapa Ukambani? KICOTEC, kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui kilichozoea kushona sare za shule, kiligeukia barakoa mwaka huo wa 2020.

• Simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia, waliwahi kutoa ushahidi? Nchini Afrika Kusini, wagonjwa 17 wa kifua kikuu sugu walivaa barakoa za hospitali siku moja na kuziacha siku ya pili, kwa miezi 3. Hewa ya wodi yao ilielekezwa kwa makundi mawili, kila moja likiwa na simbilisi 90. Kati ya waliopumua hewa ya siku zisizo na barakoa, 69 waliambukizwa. Kati ya waliopumua ya siku za barakoa, 36.

• Nchini Denmark mwaka 2020, katika watu wapatao 4,860, korona iliwapata asilimia 1.8 ya walioshauriwa kuvaa barakoa na asilimia 2.1 ya wengine? Pengo hilo ni dogo, laweza kuwa la bahati tu. Tena jaribio lilipima kinga ya mvaaji peke yake, si ya aliye karibu naye.

• Bangladesh ilijaribu jambo hili katika vijiji 600? Katika baadhi ya vijiji hivyo, barakoa ziligawiwa bure na watu wakahimizwa kuzivaa. Huko uvaaji ulifika asilimia 42, dhidi ya 13 kwingine, na korona yenye dalili ikapungua kwa takriban asilimia 9. Palipogawiwa barakoa za hospitali, kwa waliozidi miaka 60 ilipungua kwa asilimia 35.

• Kuvaa na kusema umevaa ni mambo mawili? Magharibi mwa Kenya mwaka 2020, ni takriban asilimia 12 tu waliokiri kwa simu kwamba hawavai. Watafiti walipotazama kwa macho, asilimia 90 hawakuwa nazo.

• Uchambuzi wa 2023 wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za afya, uliokusanya majaribio 78, haukusema barakoa hazifai? Mhariri mkuu wa Maktaba ya Cochrane, Karla Soares-Weiser, alieleza kwamba uchambuzi huo ulichunguza iwapo kuhimiza watu wavae kunapunguza maambukizi, na jibu halikupatikana wazi.

Basi maswali ni mawili. Je, barakoa hupunguza vijidudu vinavyotoka kwa mgonjwa? Ushahidi wa simbilisi ni mzito: ndiyo, ingawa si vyote. Je, amri ya kuvaa hupunguza ugonjwa kijijini? Hapo yategemea ni wangapi wanavaa kweli. Kwa hiyo ukiwa na kikohozi, na unapanda matatu ya Muthetheni iliyofungwa madirisha, vaa barakoa ifunike pua na mdomo, ufungue dirisha. Kikohozi kikipita wiki 2, nenda ukapimwe kifua kikuu.